Kufa-nikisha: neno linapokatika mwisho wa mstari

Kadi ilikuwa ya mchango wa harusi, karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, ua la dhahabu kwenye kona ya juu. Mama aliyekuja kuzichukua pale steshenari kwetu Mwanjelwa, Mbeya, aliisoma moja amesimama, akaiweka taratibu juu ya kaunta, akanionyesha mstari kwa kidole. "Mwanangu, hapa umeandika nini?" Nikasoma. Mstari uliishia hivi: "tunaomba mchango wako wa hali na mali ili kufa-". Mstari wa chini yake ukaanza: "nikisha harusi ya kijana wetu".

Kadi zilikuwa 200 na zote zilishakatwa. Nilizichapa upya usiku ule ule, na sikumdai hata shilingi, kwa sababu hakuna mzazi anayestahili kupeleka neno "kufa" kwenye nyumba za watu likiwa pamoja na jina la mwanawe. Lakini kuna kitu kilinikaa moyoni siku nyingi. Kistari kilikuwa mahali pake. Ku-fa-ni-ki-sha: silabi tano, na kompyuta ilikata kwenye mpaka halali kabisa, kati ya silabi ya pili na ya tatu. Kwenye mtihani wa Kiswahili ningepata vema. Yule mama alikuwa sahihi, kanuni nayo ilikuwa sahihi, na kadi ilikuwa imeharibika.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kuliko nilivyowahi kufuatilia lolote katika kazi yangu ya kupanga maandishi. Nilidhani ni suala la kujua silabi. Nimekuja kuona kwamba silabi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni maana, na Kiingereza, lugha ambayo mashine zetu zimelelewa nayo, kimehangaika na tatizo hili hili kwa muda mrefu.

Neno refu, safu nyembamba

Maandishi yanapopangwa ili kingo zote mbili zinyooke, kile ambacho wateja wangu hukiita "jastifai", kila mstari lazima ujae. Neno la mwisho lisipoenea, kuna njia mbili. Ama neno zima lishuke chini na yaliyobaki juu yatawanywe mpaka yaachane mianya kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, ama neno likatwe, kipande kibaki juu na kistari chake, kipande kishuke.

Kiswahili huumia hapa kuliko Kiingereza, na sababu iko kwenye maumbile yake. Chukua "tutakapowakumbusha". Ni neno moja la herufi 18, na ndani yake mna mtenda, wakati ujao, "po" ya wakati, watendwa, mzizi na kauli. Mwingereza akisema hayo hayo hutumia maneno manne, maana yake ana nafasi tatu za kugeuzia mstari bila kukata chochote. Sisi hatuna hata moja. Kwenye safu ya gazeti, au kwenye kipeperushi kilichokunjwa mara tatu, maneno mawili ya namna hii yakifuatana yanatosha kuacha shimo katikati ya aya.

Kukata maneno hakukuja na kompyuta. Biblia ambayo Johannes Gutenberg aliichapa Mainz, Ujerumani, katika miaka ya 1450, yenye mistari 42 kwenye safu, ina vistari vingi mno mwishoni mwa mistari, kila kimoja kikiwa na vijistari viwili vya mshazari. Na jina ambalo Waingereza hukiita kistari hicho, "hyphen", limetoka Kigiriki, kwenye neno lenye maana ya "pamoja". Wagiriki walichora kipinde chini ya maneno mawili ili msomaji ayatamke kama moja. Kistari cha mwisho wa mstari bado kinafanya kazi hiyo: kinamwambia msomaji asitue, neno halijaisha. Ndiyo maana kadi yangu iliumiza. Jicho la yule mama lilitua kabla kistari hakijamzuia, kwa sababu kilichotangulia kistari kilikuwa tayari ni neno kamili.

Silabi inaanzia wapi

Kiswahili kina bahati. Silabi zake nyingi huishia na irabu, kwa hiyo kanuni ya kwanza ni fupi: kata baada ya irabu. Vi-a-zi, pa-re-to, ki-ja-ni. Mvutano huanza pale m au n inaposimama mbele ya konsonanti nyingine. Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu zimewekwa lugha ya Kiingereza, nazo hukuletea "sham-ba", "Irin-ga", "Njom-be". Kwa sikio la Mwingereza hakuna ubaya, kwa sababu yeye huifunga silabi kwa m au n kila siku. Kwetu ni kosa. Mb, nd, ng, nj na nz ndani ya maneno haya ni sauti zilizoshikamana, zinaanzia puani na kumalizikia mdomoni, na zinakwenda zote pamoja kwenye silabi inayofuata. Sha-mba. Njo-mbe. Ma-ka-mba-ko. Tu-ndu-ma. I-ri-nga, ambayo imetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome: li-li-nga.

Anayetaka ushahidi asikilize mchezo wa kinyume, ule wa kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuipeleka mbele ili asiyejua mchezo asielewe. Askofu Edward Steere aliukuta Zanzibar katika karne ya 19 na kuuweka kwenye maandishi yake. Mchezaji akigeuza "nyumba" husema "mbanyu". "Kanga" inakuwa "ngaka". Hakuna anayesema "banyum". Hakuna aliyemfundisha kanuni ya nazali, yaani sauti za puani, ila ulimi wake unajua kwamba mb haiachani. Mara nyingi nikibishana na mteja kuhusu mpaka wa silabi, mchezo huu ndio unaotumaliza.

Maneno ya mkopo yana tabia zao. "Labda", "daktari", "maktaba" na "Alhamisi" yamekuja na silabi zilizofungwa kwa konsonanti, na huwezi kukata baada ya irabu ukabaki salama: lab-da, dak-ta-ri, mak-ta-ba, Al-ha-mi-si. "Da-ktari" inaacha kipande kisichotamkika upande wa chini. Kuhusu "benki", "senti" na "binti" watu hugawanyika. Mimi hukata ben-ki, sen-ti, bin-ti, na sababu yangu ni kwamba Kiswahili chenyewe hakipendi kushikamanisha n na k au t. Tunasema ukuta na kuta, wala si "nkuta", wakati ulimi na ndimi hazina shida. N iliyokuja na mgeni ibaki na irabu iliyoitangulia.

Na ng'. Hii nailinda kama yai. "Ng'ombe" ni ng'o-mbe, "nyang'anya" ni nya-ng'a-nya, kwa sababu ng' ni sauti moja iliyoandikwa kwa alama tatu. Kuna programu zinazoichukulia ile alama ya juu kama mwisho wa neno, zikakuachia "ng'" peke yake ukingoni na "ombe" mwanzoni mwa mstari mwingine. Nimeiona kwenye kipeperushi cha chanjo ya mifugo. Mfugaji aliyekishika alirudi nyuma mara mbili kabla hajaelewa ni ng'ombe wanaozungumziwa.

M inayosimama yenyewe

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba maana ya neno haina kazi. Maneno yetu yenye maana nyingi yanaunga mkono dhana hiyo. "Paa" ni swala, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kuruka angani, na ni kutoa magamba ya samaki, na katika maana zote ni pa-a. "Kata" ya diwani na "kata" ya kuchotea maji zinakatwa ka-ta. Unaweza kuligawa neno bila kujua linasema nini.

Halafu unakutana na "mbuni".

Wakulima wa kahawa kutoka Mbozi, wilaya iliyokuwa Mbeya na ambayo sasa iko mkoa wa Songwe tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2016, huleta kwangu vipeperushi vya ushirika wao. Ndani yake neno "mbuni" limejaa: mbuni uliozeeka, matawi ya mbuni, mbuni na kivuli. Litamke polepole. M-bu-ni, silabi tatu, m imesimama kwa miguu yake. Sasa litamke jina la yule ndege mkubwa asiyeruka, mwenye shingo ndefu: mbu-ni, silabi mbili, m imejibanza kwenye b. Na yule anayebuni mavazi au majengo ni m-bu-ni, silabi tatu tena. Herufi zile zile tano, maana tatu, migawanyo miwili.

Utajuaje? Lipeleke neno kwenye wingi. Mbuni wa kahawa, mibuni: m imeng'oka ikaja mi. Mbuni wa mavazi, wabuni: m imeng'oka ikaja wa. Hizo ni m za kiambishi, na kila moja ni silabi kamili. Mbuni ndege, mmoja au kumi, ni mbuni. M haitoki, ni sehemu ya shina. Jaribio hilo hilo linafanya kazi kwa sifa. Mtu mbaya, watu wabaya: m-ba-ya. Njia mbaya, njia mbaya: mba-ya. Nunua nyanya pale Ilula barabarani. Ukikuta mbovu, hizo ni mbo-vu. Mti ulioliwa na mchwa ni m-bo-vu, kwa sababu miti ni mibovu. Tunayatofautisha haya kila siku midomoni na hatujui kwamba tunafanya hivyo.

M hiyo inatoka wapi? Watu wa Nyanda za Juu Kusini wana jibu nyumbani kwao. Mnyakyusa wa Tukuyu humwita mtu "umundu". Pale ambapo Kiswahili sanifu kina m tupu, Kinyakyusa bado kina mu, na irabu yake inasikika. M yetu ilikuwa mu; u imedondoka, ila nafasi yake katika mapigo ya neno haikudondoka. Ndiyo sababu "mtu" ni silabi mbili na mkazo unakaa juu ya m yenyewe, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hapo hakuna nyingine ya kuubeba. Hata "mbu" na "mbwa", ambazo m zake hazing'oki kwenye wingi, hulazimika kugawanyika m-bu na m-bwa kwa sababu hiyo ya mkazo, wakati "mbuzi", mwenye silabi nyingine nyuma yake, anatulia kuwa mbu-zi.

Washairi wamelijua jambo hili kabla ya wapanga maandishi. Mshororo wa mizani 16, nane na nane, haukubali kubahatisha. Hesabu huu niliouunga mwenyewe kwa ajili ya kijana ninayemfundisha kazi: "Mbuni, mti wa buni, mbuni, ndege wa porini." Upande wa kwanza ni m-bu-ni-m-ti-wa-bu-ni, nane. Wa pili ni mbu-ni-nde-ge-wa-po-ri-ni, nane. Mbuni wa kwanza umelipa mizani tatu na wa pili mbili, na mshororo umekaa sawa. Ukizihesabu mbuni zote kwa namna moja, upande mmoja unapwaya au unafurika.

Kwa bahati, kwenye uchapaji "mbuni" haileti balaa, kwa kuwa hatuachi herufi moja peke yake ukingoni. Balaa iko ndani ya vitenzi. Ratiba ya harusi inaweza kuwa na mistari hii miwili, mmoja juu ya mwingine: bwana harusi kumbusu bibi harusi; mshereheshaji, kumbusha wageni kuzima simu. Kumbusu, kumbusha. Herufi sita za mwanzo ni zile zile: k, u, m, b, u, s. Lakini ya kwanza ni ku-m-bu-su, silabi nne, m ikisimama badala ya bibi harusi mwenyewe. Ya pili ni ku-mbu-sha, silabi tatu, m ikiwa imezaliwa na b yake. Kwa hiyo "kum-busu" ni mkato halali na "kum-busha" si halali. Anayetazama herufi tu hawezi kujua. Lazima ajue nani anabusiwa.

"Present" na ndugu zake

Waliosoma sekondari hapa kwetu wanakumbuka mahudhurio ya asubuhi: jina linaitwa, unajibu "present". Maana yake upo. Neno hilo hilo ni zawadi. Ni wakati uliopo katika sarufi. Likigeuka kitenzi, ni kuwasilisha hoja, kumtambulisha mtu, kutoa tuzo. Wanavyuo wetu wamelichukua hapo wakapata "presentesheni". Ni neno la kila siku, na lina mpasuko katikati yake usioonekana kwenye maandishi.

Likiwa zawadi au kuwapo, mkazo unaangukia mwanzo, irabu ya kwanza ni fupi, nayo inaivuta s upande wake: pres-ent. Likiwa kuwasilisha, mkazo unahamia mwisho na s inaondoka na silabi ya pili: pre-sent. Kamusi za Marekani hugawa hivyo, jina kivyake na kitenzi kivyake. "Record" iko hivyo hivyo: rec-ord kwa rekodi iliyovunjwa, re-cord kwa kitendo cha kurekodi. "Project" ni proj-ect ikiwa mradi na pro-ject ikiwa kurusha mbele au kukadiria. "Minute" ni min-ute ikiwa dakika na mi-nute ikiwa kitu kidogo mno. Msomaji wa Kiingereza anayekuta "pre-" mwisho wa mstari huanza kulisoma kama kitenzi, na zawadi ikija chini inabidi arudi juu. Ni jeraha lile lile la "kufa-", isipokuwa kwao limefungwa ndani ya kamusi.

Kiswahili kilipoazima maneno haya kiliyasawazisha. Rekodi ni re-ko-di, na kurekodi ni ku-re-ko-di, mkazo palepale. Mpasuko umepona.

Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakukubaliana juu ya kisu kipite wapi. Noah Webster, Mmarekani, kwenye kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783, alikataa mgawanyo wa zamani wa "ha-bit" na "bi-shop" akataka "hab-it" na "bish-op", mgawanyo unaofuata sikio. Waingereza waliendelea kutazama zaidi asili na muundo wa neno. Mpaka leo "knowledge" Mmarekani huikata knowl-edge, jinsi inavyosikika, na Mwingereza huikata know-ledge, ili "know", yaani kujua, ibaki nzima. Nikilazimishwa kuchagua, niko upande wa Mwingereza katika hili, kwa sababu mkato wake unamwonyesha msomaji kitu anachokijua tayari. Ila ni ubaya pia, maana kitu anachokijua ndicho kilichoniponza mimi.

Mashine ilivyofundishwa

Mwaka 1983, Frank Liang aliandika tasnifu kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuhusu namna ya kuifundisha kompyuta kukata maneno. Mwalimu wake alikuwa Donald Knuth, aliyetengeneza programu ya kupangia vitabu iitwayo TeX. Liang hakuipa mashine kamusi nzima, kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta za wakati ule ilikuwa ndogo. Aliiacha ichunguze kamusi na kujitengenezea vijipande vya herufi vyenye namba katikati yake. Namba witiri inasema hapa unaweza kukata, namba shufwa inasema hapa usikate, na zikigongana kubwa inashinda. Vijipande hivyo vilikuwa 4,447, na vilipata asilimia 89 ya mikato ya kamusi aliyotumia, karibu bila kosa. Mikato iliyobaki mashine iliiacha, kwa sababu Liang aliona ni heri kukosa mkato kuliko kukata vibaya.

Kilichonigusa si zile 4,447. Ni orodha fupi ya maneno 14 ambayo Knuth aliyaongeza kwa mkono, yale ambayo vijipande havikuyaweza. Mojawapo ni "table", neno ambalo mtoto hujifunza wiki ya kwanza ya Kiingereza: ni meza, ni jedwali, na kwenye bunge la Uingereza ni kuileta hoja ijadiliwe, wakati Marekani ni kuiweka hoja kando isijadiliwe. Hilo lilihitaji tu kusahihishwa: ta-ble. Lakini kwenye orodha hiyo hiyo yamo "present" na "project", pamoja na wingi wake, yameandikwa bila kistari hata kimoja. Amri iliyotolewa kwa mashine ni kwamba yakifika mwisho wa mstari, isiyaguse. Mashine inaona herufi, haioni kama ni zawadi au ni kuwasilisha, na aliyeijenga alilijua hilo akaiwekea mpaka. Naona huo ni uungwana mkubwa katika kazi.

Kwa Kiswahili mashine ingehitaji vijipande vichache mno. Kata baada ya irabu, usitenganishe mb na wenzake, jihadhari na jozi za konsonanti za mkopo. Maneno mengi yatakaa sawa. Ila hakuna kijipande kitakachojua "kufa". Na "kufa" hayuko peke yake. Maneno yetu marefu yamejengwa kwa vipande vifupi ambavyo vyenyewe ni maneno, na mkato halali unaweza kuamsha neno lililokuwa limelala. "Kufahamu" na "kufanana" yana kifo kile kile mwanzoni. Tangazo la shule likiandika "wanafunzi hawa-" kisha chini "ruhusiwi", msomaji ameshawaona wanafunzi hawa, hapa mbele yake, kabla hajajua kwamba ni katazo. Mlangoni, "hapa-" ikifuatwa na "ruhusiwi kuingia" inaanza kama mwaliko. Kwenye muhtasari wa kikao cha ushirika nilikuta "tume-" na chini yake "amua": wajumbe walikuwa wameamua wenyewe, lakini kwa nusu mstari mamlaka yalikuwa yamehamia kwenye tume ambayo haikuwahi kuundwa.

Kinachofanyika mezani

Kitu cha kwanza ninachofanya sasa ni kuiambia kompyuta kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Programu za ofisi zina sehemu ya kuchagua lugha, na kurasa za mtandaoni zina alama yake, sw. Ukiiacha kwenye Kiingereza itakata Kiingereza. Pili, sikubali ikate yenyewe kwenye kadi, cheti au ratiba. Nikihitaji mkato naweka kistari laini, ile Ctrl na kistari kwenye Word: hakionekani mpaka neno lifike ukingoni, na likirudi katikati ya mstari kinapotea. Watu wengi hubonyeza kistari cha kawaida, mteja akiongeza neno moja mistari inahama, na "kufa-nikisha" inabaki imepasuka katikati ya mstari mchana kweupe.

Majina ya watu siyakati kabisa. Namba za simu na kiasi cha fedha siyatenganishi. Mtu aliyeandikwa "Mwa-" mwisho wa mstari kwenye ratiba ya mazishi ya baba yake hastahili kutafuta jina lake mstari wa chini.

Na mara nyingi naacha jastifai kabisa. Ukingo wa kulia usionyooka ni mzuri kuliko neno lililokatwa vibaya, na Kiswahili, kwa urefu wa maneno yake, kinapumua vizuri kwenye ukingo huo. Wateja hupinga mwanzoni kwa sababu wamezoea kuona kingo zimenyooka kama za gazeti. Nikiwaonyesha karatasi mbili pamoja, wengi huchagua isiyonyooka bila kuambiwa kwa nini.

Kijana ninayemfundisha nimempa utaratibu mmoja. Akimaliza kupanga, anasoma kwa sauti neno la mwisho la kila mstari, hilo tu, kutoka juu mpaka chini, kana kwamba kila mstari umeishia hapo. Juzi alikuwa na kadi ya mchango ya familia moja ya Uyole. Nilikuwa nakata karatasi nyuma yake nikawa namsikia: "furaha... kukujulisha... wetu... Jumamosi... kufa..." Akanyamaza.

"Dada, hili nilishushe lote?"

"Jaribu."

Akalishusha. Mstari wa juu ukabaki na maneno matano yaliyotawanyika. Akapunguza herufi kutoka 12 hadi 11.5, aya ikajikusanya, na "kufanikisha" ikapanda yenyewe mpaka mstari wa tano, nzima.